Je, Wajua? Kutu Huweza "Kuiba" Mafuta Tangini

Lori linalopita Shasha, kwenye Barabara ya Taifa namba 2 ya DRC kati ya Sake na Minova, laweza kurekodi wizi wa mafuta usiokuwepo. Vihisi vingi vya gari hutoa volti 0 hadi 5, zinazopimwa kuanzia arthi, yaani chesisi iliyounganishwa na upande hasi wa betri. Tope na unyevu vikiitia kutu bolti ya arthi ambayo kihisi cha mafuta kinaichangia na taa, ukinzani wa omu 0.01 tu ukipitiwa na ampea 20 huleta volti 0.2. Hiyo ni 4% ya kipimo chote. Kwa tangi la lita 300, taa zikiwaka, lita 12 huzuka; zikizimwa, hutoweka.

Dawa? Kwangua bolti mpaka chuma king'ae, na arthi ya kihisi irudishe moja kwa moja kwenye kifaa cha kurekodi.

Kwa kelele za umeme za altaneta, ambazo nazo huweza kuvuruga vipimo, mfumo wa mawasiliano wa CAN uliotangazwa na Bosch mwaka 1986 hutumia nyaya mbili zilizosokotwa: kelele huzipata zote sawasawa, na kipokezi husoma tofauti kati yake tu.