Bakteria Unao, Wanakosa Hewa

“Mhandisi, nimwage pakiti ngapi za hamira ili mtambo wa majitaka uache kunuka?”

Swali hili nimelijibu hotelini, shuleni na hospitalini, na jibu halijabadilika: usimwage hata moja.

Hamira ni kuvu. Kazi yake ni kuchachua sukari, ndiyo maana inaumua maandazi. Kinyesi na mafuta ya jikoni si fani yake. Zile pakiti za “bakteria maalumu” nazo hazina muujiza. Gramu moja ya kinyesi cha binadamu hubeba bakteria wapatao bilioni 100, kwa hiyo kila mgeni anayeflashi choo anakuletea mbegu bure. Kuwanunua wengine ni kutia chumvi baharini. “Lakini jirani alimwaga, harufu ikaisha!” Ikaisha, kwa sababu wiki hiyohiyo alinyonya tope na kutengeneza bloa, mashine inayosukuma hewa ndani ya tangi. Sifa akaipa pakiti.

Huwa nauliza: bloa mnaizima saa ngapi? Kimya. Kisha: “Saa nne usiku, umeme ghali.” Hapo ndipo penye ugonjwa. Maji ya nyuzi joto 30 hayawezi kushika zaidi ya miligramu 7.5 hivi za oksijeni kwa lita, na ndani ya tangi lenye tope zito akiba hiyo huliwa kwa dakika chache. Ikiisha, bakteria wasafishaji huduwaa, na wale wasiohitaji hewa hushika zamu na kutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Ukimwaga pakiti usiku huo, umeongeza walaji kwenye nyumba isiyo na hewa.

Fanya haya. Safisha kichujio cha bloa, kaza mkanda. Tazama mapovu: yakibubujika makubwa mahali pamoja, mpira wa difyuza, kifaa cha kutawanya hewa majini, umechanika. Pima oksijeni; lenga miligramu 2 kwa lita. Weka mtego wa mafuta jikoni. Toa tope lililozidi. Bili inauma? Funga kifaa cha kupunguza kasi ya mota, au zima kwa vipindi vifupi vya taima, si usiku kucha. Umeme hauaminiki na eneo unalo? Chimba mabwawa kama ya Ruai, Nairobi, ambako jua, mwani na upepo hufanya kazi bila bloa. Huna umeme wala eneo? Jenga tangi la kuhifadhia, ita gari la majitaka kabla tangi halijajaa, na hamira mrudishie mpishi.