Superman akirudi angani, nani anabaki shimoni?

Juzi jioni nilikuwa nimekaa nje ya nyumba, nimetoka kazi ya asubuhi, mkononi niko na BD ya Black Panther. Mwanangu wa darasa la sita akaja nyuma yangu, akaangalia picha ya mji wa Wakanda: magari yanaruka, majengo yanang'aa, mfalme amesimama juu. Akaniuliza: «Papa, hii vibranium, nani anaichimbaka? Juu ya nini hatuone mutu ata moya na casque?»

Nilicheka kwanza. Halafu nikanyamaza, maana ni swali la mtoto wa mchimbaji, na sikuwa na jibu.

Wenzangu kazini wanajua kwamba ninasoma BD za mashujaa tangu secondaire. Wengine wananichekelea: mtu mzima, delege wa sendika, anasoma vitabu vya watoto! Wacha wacheke. Leo ninataka kuwaonyesha kwamba hivi vitabu vinatuhusu sisi watu wa madini kuliko tunavyofikiri, na pia kuwaambia mahali vinapotudanganya.

Tuanze na mzee wao wote, Superman. Alitokea mwaka 1938 katika gazeti la Marekani liitwalo Action Comics. Waliomtunga ni vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Watu wengi wanafikiri kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa anapigana na majitu kutoka nyota zingine. Hapana. Katika namba 3 ya mwaka ule ule, Superman anaingia mgodini. Shimo limeanguka, mchimbaji mmoja ameumia, hataweza tena kufanya kazi. Mwenye mgodi anasema kosa ni la mchimbaji mwenyewe. Hiyo hadithi sisi tunaijua bila kuisoma, sivyo?

Sasa Superman anafanya nini? Anavaa nguo za mchimbaji. Wakati patron yuko anakula sikukuu na marafiki zake, wanashuka wote shimoni kujifurahisha, na nguo zao za karamu. Superman anaziba njia. Sasa wale matajiri wako ndani, hewa inapungua, vifaa vya usalama ni vibovu, na njo wanashika sululu kwa mikono yao laini. Patron anatoka pale na ahadi kwamba mgodi wake utakuwa salama na wafanyakazi watatunzwa vizuri. Kwangu mimi, hiyo bado ni moja ya hadithi bora za Superman, na imekaribia kufikisha miaka 90.

Wakanda ilikuja baadaye. Black Panther alionekana mara ya kwanza katika Fantastic Four namba 52, mwaka 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Muangalie ile tarehe vizuri. Mwisho wa mwaka ule ule, kwetu hapa, serikali ilikuwa inanyang'anya Union Minière mali yake, na kampuni ya taifa ikazaliwa, ile ambayo baadaye tuliiita Gécamines. Sisemi kwamba Wamarekani wale walikuwa wanatuwaza sisi. Lakini hadithi ni ile ile: nchi ya Afrika iko na madini ambayo dunia nzima inayataka, na mgeni anayeitwa Klaw anakuja na bunduki, anamuua mfalme T'Chaka juu ya hayo madini. Tofauti ni kwamba Wakanda ilifunga mlango. Madini yakabaki, yakajenga shule, hospitali na ndege. Njo maana kijana wa Kolwezi akiona Wakanda roho yake inafurahi. Ni ndoto yetu wenyewe ambayo imechorwa na mtu mwingine.

Lakini swali la mwanangu linabaki pale pale. Kwa miaka mingi mno, katika Wakanda tunaonaka paka mfalme, askari wake wanawake na wataalamu wa maabara. Mchimbaji haonekani. Ni kama vile vibranium inajitoa chini yenyewe, inajiosha, inajipanga kwenye ghala.

Mtu aliyeanza kusahihisha hilo ni mwandishi Ta-Nehisi Coates, pamoja na mchoraji Brian Stelfreeze, mwaka 2016. Kitabu chao kinafunguka wapi? Kwenye mgodi! Mfalme T'Challa amekuja kuwasifu wachimbaji wa vibranium, na wachimbaji wanamgeukia kwa hasira, wanapigana na walinzi wake. Siku ile niliposoma kurasa zile, nilisimama, nikaenda kumwonyesha bibi yangu. Coates anaeleza kwamba kuko mwanamke mmoja, Zenzi, mwenye nguvu za kuamsha hasira iliyolala ndani ya watu. Hapo njo sikubaliani naye kidogo. Mchimbaji haitaji mchawi ili akasirike. Mushahara wa mwezi ukichelewa, inatosha. Hata hivyo Coates ni mwandishi wa kweli, maana hasemi kwamba hasira ile ni ya uongo. Mwisho wa hadithi, mfalme analazimika kukubali kwamba hatatawala tena peke yake, na Wakanda inapata katiba mpya.

Sasa tufike kwenye vitabu vya siku hizi. Tangu mwaka 2024, kampuni mbili kubwa, Marvel na DC, zimefungua mfululizo mpya ambamo mashujaa wanaanza upya kabisa. Kwa Marvel, Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto inamwonyesha Peter Parker akiwa tayari baba wa watoto wawili ndipo anapata nguvu zake. Mimi ninaipenda sana, juu ya mtu mwenye familia anajua bei ya kuchelewa kurudi nyumbani. Kwa DC, Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta imefanya jambo ambalo sikulitegemea: Bruce Wayne si tajiri tena. Baba yake alikuwa mwalimu. Hakuna jumba wala mtumishi wa kumpikia. Mashabiki wengine walilalamika. Mimi nilipiga makofi: mwishoni Batman anahesabu pesa kama sisi.

Lakini kile ambacho kila familia ya wachimbaji ingepaswa kukisoma ni Absolute Superman, ya Jason Aaron na Rafa Sandoval, iliyoanza Novemba 2024. Katika hiki, sayari ya Krypton imegawanyika kwa matabaka. Wazazi wa Superman ni wa tabaka la chini, la wafanyakazi, na baba yake Jor-El ni mchimbaji. Ile alama ya S ya kifuani, ambayo watoto wetu wanaivaa kwenye maliboso ya soko, hapa ni alama ya watu wa kazi ngumu. Wazazi hao wanaona dalili kwamba sayari inakufa, lakini wakubwa hawataki kusikia neno la mtu mwenye vumbi. Kijana anapofika duniani, tunamkuta wapi? Katika mgodi wa almasi huko Brazil, katikati ya wachimbaji wa kampuni moja kubwa iitwayo Lazarus, ambayo iko na askari wake yenyewe. Mwandishi amerudi kwenye ile namba 3 ya mwaka 1938.

Kasoro ziko. Bei ni ya kwanza: namba moja nyembamba inauzwa dola 4 au 5 kule Marekani, na hadithi haimaliziki. Kwa Kifaransa, Urban Comics inatoa za DC na Panini za Marvel, lakini zikifika huku, bei inakuwa ya gunia la makala. Wengi wetu tunasoma paka kwenye simu au kwa kuazimana. Kasoro ya pili, kila baada ya muda mfupi wanaanza tena namba 1, hata mtu hajui aingilie wapi.

Lakini kasoro kubwa ni nyingine, na nitaieleza kwa jambo lililonipata mimi.

Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nafanya kazi, barakoa za vumbi zilikwisha. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wenzangu wakanijia: «Delege, weye njo Superman yetu, enda utusemee.» Nikajisikia mkubwa. Nikaingia biro peke yangu. Nikapewa kiti, Fanta ya baridi na ahadi. Nikatoka na ahadi ile, barakoa hazikuja. Mwezi ukapita. Kikohozi kilikuwa kinasikika katika basi la kazi asubuhi yote. Wenzangu wakaanza kusema kwamba nimekula pesa.

Mara ya pili hatukufanya vile. Tuliandika barua, ikazunguka timu zote tatu, kila mtu akaweka sahihi yake, hata wale waoga. Delege wote tukaingia pamoja, na wengine wakatungojea mlangoni. Barakoa zilikuja wiki ile, si zote, lakini zilikuja. Zingine tukaendelea kuzidai.

Hilo njo vitabu hivi havijajua kulichora. Shujaa anashuka, anainua mwamba, patron anatetemeka, kisha shujaa anaruka angani. Kesho yake asubuhi saa kumi na mbili, nani anahakikisha kwamba ile ahadi imeandikwa na mashine ya hewa imetengenezwa? Ukurasa huo haupo.

Kwa hiyo wazazi, musiwanyang'anye watoto BD zao. Someni pamoja nao. Ila muwafundishe kuuliza: hii mali inatoka wapi, nani anaichimba, nani anamsemea?

Mimi nilirudi kwa mwanangu na kile kitabu cha mwaka 2016. Nikamfungulia kurasa za kwanza, nikamwambia: «Angalia, wachimbaji njo hawa.» Akazisoma polepole, akarudia tena. Akaniuliza: «Na delege yabo ni nani?»

Tulitafuta wote wawili mpaka mwisho wa kitabu. Hatukumpata. Sasa ameomba daftari na kalamu za rangi.