Taya Hukulia Karibu na Sikio

Ukila kichwa cha mbuzi huku Lorugum, Turkana, usitupe taya kabla ya kulitazama. Lifuate taya la chini hadi nyuma, linapokutana na fuvu mbele ya sikio. Kama mbuzi alikuwa mchanga, utaona kifundo kilichovikwa utando mweupe unaoteleza. Chini ya utando huo kuna gegedu, na humo ndimo taya lilimokuwa likirefukia.

Binadamu naye ni hivyo hivyo. Gegedu ya kifundo hujitokeza mtoto angali tumboni, baina ya wiki ya 10 na ya 12 hivi, wakati mfupa wa taya umeshaanza kujijenga. Juu ina tabaka la nyuzi ngumu. Chini yake zimo seli changa zinazogawanyika bila kuchoka. Zinazosukumwa ndani hugeuka seli za gegedu, huvimba, na ute unaozizunguka hukazwa na chokaa. Kisha mishipa ya damu hupenya, ikileta seli zinazobomoa gegedu na zinazojenga mfupa mahali pake. Hata baadhi ya zile zilizovimba, uchunguzi wa panya umeonyesha, hazifi: hugeuka zenyewe kuwa wajenzi wa mfupa.

Kifundo kinakua kuelekea juu na nyuma, lakini fuvu halikipishi. Basi taya zima husogea chini na mbele.

Mguuni mambo ni tofauti. Mvulana wa Nariokotome, ambaye mabaki yake mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aliyagundua huku huku Turkana mwaka 1984, alikufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita akiwa bado anakua: ncha za mifupa yake mirefu hazikuwa zimeshikana na mifupa yenyewe. Gegedu ya ukuaji ya mguuni imebanwa baina ya ncha ya mfupa na mfupa wenyewe. Ya taya iko kwenye kiungo chenyewe, chini ya tabaka jembamba, ikipokea kila mgandamizo wa kutafuna na kila pigo la kidevu.

Kwa hiyo mtoto akianguka kutoka kwa punda au bodaboda akapasuka kidevu, msiridhike na kushonwa. Mwambieni afungue mdomo. Mdomo ukienda upande, usipofunguka vizuri, au akilalamika maumivu mbele ya sikio, mpelekeni hospitali apigwe picha. Kifundo kilichovunjika kikiachwa kinaweza kugandamana na fuvu: mdomo usifunguke, na kidevu kibaki kidogo wakati sehemu nyingine za uso zinakua.