Vizibo Arobaini, Senti Kumi

Watoto wakishamaliza mpira wao na kuyaacha magoli ya mawe pale pale, mimi huingia kiwanjani na detekta yangu. Ni kiwanja cha wazi mtaani kwetu Ilembo, hapa Mpanda mjini. Upande mmoja ni wa mpira, upande wa pili watu wanatupa taka tangu sijahamia hapa. Mimi naelekea kwenye taka. Mwanzoni majirani walidhani nasaka dhahabu, na wengine bado wanadhani hivyo. Nasaka sarafu za zamani.

Dhahabu ndiyo iliyonileta kwenye kazi hii. Mimi ni fundi redio. Kwa miaka kadhaa nilizunguka na wachimbaji wadogo kule Dirifu, Magamba na Ibindi nikiwatengenezea detekta zilizokufa. Mmoja alishindwa kunilipa ufundi, akaniachia mashine yenyewe.

Kwa fundi redio si kifaa cha ajabu. Ile sahani ya chini tunaiita koili, na ndani yake kuna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita humo huzaa nguvu ya sumaku inayozama ardhini. Nguvu hiyo ikigusa chuma, shaba au fedha, mikondo midogo ya umeme huzuka ndani ya kitu hicho, nacho hurudisha sumaku yake. Koili huipokea, mashine huigeuza kuwa mlio. Haijui thamani ya kitu wala umri wake. Inajua tu kwamba kuna kitu kinachopitisha umeme.

Mashine za dhahabu hupiga kwa nguvu ili zifike chini sana, na porini zinafaa kwa sababu kule taka ni chache. Nilipoileta yangu Ilembo ililia kila hatua. Jioni ya kwanza nilichimba vizibo vya soda na bia, misumari, mifuniko ya betri, makaratasi ya fedha ya pakiti za sigara. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu ya taka na mgongo unaouma.

Tatizo hili ni la zamani kama mashine yenyewe. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaunda kifaa cha kuitafuta risasi iliyobaki mwilini. Kwenye majaribio kilifanya kazi. Kitandani kwa mgonjwa kikalia ovyo, maana godoro lilikuwa na springi za chuma, na daktari alimruhusu Bell kupima upande mmoja tu wa mwili. Risasi haikupatikana. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Mimi springi zangu ni vizibo.

Niliiuza mashine ile nikanunua ndogo inayotofautisha milio, nikaifunga koili ya upana wa kisahani cha chai. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Koili kubwa ikipita juu ya vizibo vitatu na sarafu moja hutoa mlio mmoja uliochafuka, ukaenda zako. Koili ndogo huvisikiliza kimoja kimoja. Nayo haitaki haraka: naipitisha taratibu kama mtu anayepiga pasi, halafu nageuka robo duara na kupita tena palepale. Msumari hulia ukipita huku na kunyamaza ukipita kule. Sarafu iliyolala chali hulia sawasawa pande zote. Kizibo kilichooza ndicho mwongo mkubwa, hulia vizuri kabisa kisha hukwaruza mwishoni, na kukizoea kulinichukua kiangazi kizima. Wapo wanaoiamuru mashine ikatae kila kitu cha chuma. Siwashauri. Shilingi 500 yetu ya sarafu, iliyoanza kutumika 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli, na mashine huipa sauti ya chuma.

Lakini nilichojifunza zaidi kiwanjani ni kwamba taka zina kalenda. Tabaka la juu ni la jana na juzi. Chini yake inaanza mifuko ya rambo, na hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Nikishuka kidogo nakuta vipande vya viroba vya pombe, vilivyozuiwa Machi 2017. Baada ya hapo sarafu zenyewe ndizo zinazosema: shilingi 20 ya mwaka 1992 yenye sura ya Mzee Mwinyi na ndovu nyuma yake, halafu senti 50 yenye sungura, halafu senti 20 yenye mbuni. Hizo mbili za mwisho ni za mwanzo kabisa wa fedha yetu wenyewe, baada ya Benki Kuu kufunguliwa Juni 1966. Maji ya masika na majembe huvuruga mpangilio, kweli, lakini si wote. Wasakaji wengine hukimbia uchafu na kwenda penye nyasi safi. Mimi naona uchafu huu ndio uliozilinda sarafu hizi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na subira ya kupita katikati yake.

Siku niliyoipata senti kumi nilikuwa nimeshachimba vizibo arobaini. Nilivihesabu kwa sababu nilijiahidi kwamba nikifika arobaini nitakwenda kula. Mlio ukaja, mnene na safi, nikageuka, ukabaki vilevile. Chini ya kiganja kimoja cha udongo likatoka duara la shaba lenye ukijani, karibu upana wa rupia ya Mjerumani, na tundu katikati. Pembe mbili za ndovu zimelizunguka lile tundu. Mwaka 1952.

Nikampelekea bibi jirani yetu, ambaye ndiye mkazi wa zamani kuliko wote mtaani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Leo umeokota nini?”

Aliishika, hakuitazama usoni, akapitisha kidole kwenye tundu. “Hizi tulikuwa tunatunga kwenye kamba. Mama alizivaa kiunoni akienda sokoni, asiibiwe.” Kisha akaniambia jinsi baba yake alivyokuja kwa treni kutoka Kaliua kufanya kazi kwenye mgodi wa madini ya risasi. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini hayo hasa, na mgodi ulifungwa mwaka 1960. Kwa hiyo huenda senti kumi hii ilidondoka mfukoni au kambani mwa watu wa treni ile, au mwa watoto wao. Mchana ule sikula.

Wanaonitembelea nyumbani hawaulizi senti kumi. Wanauliza rupia ya Mjerumani. Kijana mmoja aliniuliza kama ninayo ile “inayovuta mchele”, akisema kuna mnunuzi anasubiri na mamilioni. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Rupia zilianza kutolewa mwaka 1890 na kampuni ya Wajerumani, zikiwa na sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili mwenye kofia ya tai. Ni gramu 11.66 za fedha yenye shaba kidogo, na fedha haishikwi na sumaku, kwa hiyo ukiuziwa “rupia” inayonasa kwenye sumaku, umeuziwa chuma. Yenye dhahabu ni nyingine: rupia 15 yenye picha ya ndovu, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli wakati wa vita, kwa dhahabu ya Sekenke. Zilitengenezwa kama 16,000 tu, na Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora. Mimi sijawahi kuigusa.

Kwa ajili ya uvumi huu watu wanachimba makaburi ya kale na kuta za maboma, usiku, kwa tochi. Inaniuma sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kuwa mali-kale, na kukichimba kunahitaji leseni. Hata bila sheria, angalia Mtambwe Mkuu kule Pemba: mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, ndogo kama kucha, zenye majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani ya karibu miaka elfu moja iliyopita. Kwa kuwa zilitolewa kwa utaratibu, kukiandikwa zilikolala na zililala pamoja na nini, zimetufunza historia ya pwani. Mtu wa tochi angeziyeyusha.

Mimi hubaki kwenye taka, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa. Kila shimo nalifukia na kulikanyaga, maana watoto wanacheza pale bila viatu. Kila kizibo na kila wembe naondoka nao, na sasa upande ule wa kiwanja umepungua makali kiasi kwamba vijana wameanza kuusogelea na mpira wao.

Ukiokota sarafu, usiisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Utafuta herufi zilizokaa ardhini miaka sabini. Ioshe kwa maji matupu, iache ikauke, andika kwenye karatasi uliikuta wapi na kina gani, kisha mpelekee mzee wa mtaa wenu kabla hujampelekea mnunuzi. Bibi yetu ana miaka themanini na tano.