Ua la Marakuja na Nyuki Atoboaye Mbao

Miongoni mwa mimea itambaayo katika bustani za nyumbani za Rusizi, nchini Rwanda, tangu Kamembe hata vilima vielekeavyo msitu wa Nyungwe, hapana udhulumiwao kwa kutofahamika kama mmea wa marakuja, ambayo watu wa pwani huyaita pasheni. Kwani mwenye nyumba akiona maua mengi yakipukutika pasi na kuzaa, aghalabu huulaumu udongo, au mvua, au jicho la jirani, ilhali sababu imo ndani ya ua lenyewe.

Ua hilo lina vifuko 5 vya chavua vilivyoinamia chini, na juu yake vichwa 3 vya kike, ambavyo ua linapochanua husimama wima, mbali na chavua. Kisha, katika muda wa takriban saa moja, shingo zake hupinda taratibu hata vikafikia kimo cha vifuko, na hapo ndipo viwezapo kuguswa na mgongo wa mdudu apitaye chini. Yako maua ambayo shingo zake hazipindi kabisa, na hayo kwa nadra hupata tunda. Upepo haufai kitu, maana chavua hii ni nzito tena yanata. Nyuki wa asali naye ni mdogo, huiba chavua akaenda zake bila kuvigusa vichwa. Mwenye kimo stahiki ni yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao kavu.

Marakuja ya zambarau, yapendayo nyanda za juu, aghalabu hukubali chavua yake yenyewe. Walakini ya manjano, yapendayo joto kama la bonde la Bugarama, huikataa katakata, hutaka ya mmea mwingine, na huko Brazili, kwenye asili ya mmea huu, wakulima wakubwa hulipa watu wapake chavua kwa vidole. Fauka ya hayo, kila mbegu hufungiwa katika kifuko chake cha maji, hivyo chavua ikiwa haba, mbegu huwa chache, na tunda huwa ganda tupu.

Nasikitika sana, basi, nionapo visiki vikavu, makao ya nyuki huyo, vikichomwa moto kwa jina la usafi, na dawa ya wadudu ikinyunyizwa maua yakiwa wazi, kisha watu wakalalamika kwamba marakuja yamekuwa ghali sokoni. Tunda lenyewe lafaa kwa sharubati na jamu, mmea wake kwa kivuli cha baraza, na maganda yake kwa mifugo.

Ewe mwenye akarima k'igikoni, yaani bustani ya mboga ya nyumbani, panda miche miwili iliyotoka katika matunda mbalimbali, uache gogo kavu au mianzi mikavu karibu na kichanja, na dawa, ikikulazimu, usiinyunyize mpaka ua limefumba: la zambarau baada ya adhuhuri, la manjano usiku.