Je, Wajua? Safari ya Halali Katika Nchi Iliyowekewa Zuio

Je, wajua kwamba Nelson Mandela alipotoroka Afrika Kusini Januari 1962 hakuwa na pasipoti, na karatasi ya kusafiria aliipata Tanganyika? Alipitia Bechuanaland, akatua Mbeya, akafika Dar es Salaam kuonana na Nyerere. Serikali ikamwandikia hati ya kumtambulisha na kumruhusu kutoka Tanganyika na kurudi. Nchi yenyewe ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru. Baadaye Ethiopia ikampa pasipoti yenye jina la David Motsamayi.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka, Afrika ikawa ndiyo inayofunga. Mei 1963, jijini Addis Ababa, nchi huru zilikubaliana kuinyima Afrika Kusini viwanja na anga, na kuanzia Agosti ndege zake za Ulaya zikawa zinazunguka bara upande wa Atlantiki. Pasipoti za nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, hazikutumika kwenda huko.

Mtindo huo haujaisha. Tangu 1 Septemba 2017 pasipoti ya Marekani haitumiki kwenda Korea Kaskazini. Mmarekani akitaka kwenda huomba kibali maalumu, na wanaofikiriwa ni watu kama waandishi wa habari, Msalaba Mwekundu na wanaopeleka misaada.

Na hapa kwetu? Reli ya Tanga ilifika Korogwe 1902, na Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa Waingereza wakajenga njia ya kuiunganisha na Voi kupitia Taveta. Mtu wa Korogwe akawa na reli hadi Kenya. Kisha Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika. Vituo vya mpakani vya Horohoro na Holili vikanyamaza mpaka Novemba 1983. Miaka 6 na zaidi, ndugu wa Korogwe na ndugu wa Mombasa wakiwa nchi mbili zisizopitika. Tunaovuka leo kwa basi la asubuhi tusilichukulie jambo hilo kuwa dogo.

Je, wajua kuhusu Wazigua wa Chogo, wilayani Handeni? Mababu zao walipelekwa utumwani Somalia karne ya 19, wakaishi bonde la Mto Juba na Kizigua chao hakikupotea. Vita vya 1991 vikawarudisha baadhi yao kama wakimbizi, kwanza Mkuyu, baadaye Chogo. Hapo sheria inabana kwelikweli. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi anahitaji kibali hata kutoka nje ya eneo alilopangiwa. Hati ya kusafiria ya wakimbizi, inayotokana na Mkataba wa 1951, kwa kawaida haitumiki kurudi katika nchi aliyoikimbia. Wengi wao serikali iliwapa uraia, na uraia maana yake ni pasipoti ya Tanzania. Naona hilo ni mojawapo ya mambo mema ambayo nchi hii imefanya, na linasemwa kidogo mno.

Sasa Marekani, kwa kuwa ndiko vijana wengi wanakouliza. Zuio la Januari 2020 liligusa Watanzania kwa jambo moja tu: viza za bahati nasibu ya Green Card. Wanafunzi na watalii hawakuguswa, na zuio lenyewe likafutwa 20 Januari 2021. La sasa ni pana zaidi. Tangu 1 Januari 2026 limesimamisha viza za uhamiaji, za utalii na biashara, na za masomo kwa Watanzania. Lakini aliyekuwa na viza hai kabla ya siku hiyo hakufutiwa. Mkaazi wa kudumu wa Marekani hakuguswa. Msamaha upo pia kwa mwenye uraia wa nchi mbili anayesafiri kwa pasipoti nyingine; sisi hautusaidii, maana sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa pili.

Soma tamko lenyewe la zuio, mstari kwa mstari, kabla hujampa dalali hata shilingi. Ada ya maombi ya viza ya matembezi ni dola 185, na hairudishwi ukinyimwa. Tangu 23 Oktoba 2025 Tanzania imo pia kwenye orodha ya dhamana ya viza hiyo: dola 5,000, 10,000 au 15,000, na hulipwa pale tu afisa wa ubalozi anapokuelekeza. Dalali akikuambia uitangulize, ondoka.

Anayekaa Kwamndolwa, hapa Korogwe, aanzie nyumbani: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, kisha fomu ya Uhamiaji mtandaoni. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Majina yakitofautiana kati ya cheti na kitambulisho, yarekebishe kwanza. Herufi moja hukwamisha safari.

Chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo usiingoje wiki ya safari. Na je, wajua kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado inafaa? Tangu 11 Julai 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote.

Jambo moja zaidi kwa dada anayekwenda kazini Oman au nchi nyingine ya Ghuba. Pasipoti yako ni mali ya Serikali ya Tanzania, umeaminiwa wewe tu kuishika. Wakala akisema anakutunzia, idai siku hiyohiyo. Akikataa, nenda Uhamiaji au polisi kabla ya kupanda ndege, ukishafika, ubalozini. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ipo tangu 2008, na ni ya kukulinda wewe.