Baridi haiibi umeme

Sogeeni, wadogo zangu, nafasi ipo. Hadithi ya leo inaanzia juu kabisa, kwenye ukingo wa Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wetu wa Goma, hapa Kongo.

Kabla mlima haujalipuka tarehe 22 Mei 2021, wageni walikuwa wakiupanda kwa miguu kutoka Kibati, wanalala katika vibanda vidogo vya kileleni, na usiku wanachungulia lile ziwa la moto linalochemka chini shimoni. Picha zake mmeziona. Kisichoonekana kwenye picha ni baridi. Simu iliyotoka Kibati na nusu ya chaji ilikuwa inaweza kuzima ghafla mkononi, giza likishaingia, kama vile mtu ameimwaga. Mwenye nayo akiitia ndani ya koti, ikikaa ubavuni pake mpaka ipate joto la mwili, kisha akaiwasha tena, anakuta chaji imerudi. Hakuna aliyeichaji. Kule juu hakuna hata tundu la kuchomeka waya.

Basi ule umeme ulikuwa umekwenda wapi? Shikeni swali hilo, kwa sababu ndilo linalowasumbua wenye magari ya umeme kule Norwe, Kanada na Marekani kila msimu wa theluji ukifika. Gari ni lile lile, betri imejaa, barabara haijabadilika, lakini safari ya Januari ni fupi kuliko ya Julai.

Kwanza tuipime baridi yenyewe. Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nyiragongo kiko mita 3,470. Ukipanda kilomita moja kwenda juu, joto hupungua kwa nyuzi sita au saba. Tofauti yetu na kilele ni karibu kilomita mbili, kwa hiyo toeni nyuzi kama 13. Usiku ambao sisi wa mitaa ya Himbi na Katindo hapa Goma tuna nyuzi 15 na tunajifunika blanketi moja, kule juu ni nyuzi mbili tu, na upepo haujahesabiwa. Mlima una moto tumboni na baridi kichwani.

Sasa tuingie ndani ya betri. Ya simu, ya pikipiki ya umeme na ya gari la umeme ni za ukoo mmoja, ukoo wa lithiamu. Kampuni ya Sony ndiyo iliyoanza kuziuza, mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Ndani yake mna pande mbili, katikati utando mwembamba wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na kimiminika kilicholowesha kila kitu. Katika kimiminika hicho hupita chembe za lithiamu zinazoitwa ioni.

Mnaijua Petite Barrière. Asubuhi akina mama na mabeseni yao, walemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizopakiwa mpaka juu, wote wanavuka kati ya Goma na Gisenyi, na jioni wanarudi. Ioni nazo ni wavukaji wa namna hiyo. Ukitumia simu, zinavuka kwenda upande wa pili. Ukichaji, zinarudi zilikotoka. Kila ioni inayovuka humlazimu mwenzake, elektroni, kuzunguka kwa njia ya nje, yaani kwenye waya, na huko kuzunguka kwa elektroni ndiko tunakokuita umeme. Sasa fikirini mvua imenyesha, njia yote ya mpakani ni tope la magotini. Watu wapo, mizigo ipo, hakuna aliyeibiwa kitu, lakini wanavuka mmojammoja kwa taabu. Baridi inaitendea hivyo betri: kimiminika kinakuwa kizito, ioni zinajikokota, simu inaomba umeme mwingi kwa mara moja na mpakani hawavuki wa kutosha. Nguvu inashuka, simu inadhani betri imekwisha, inajizima. Ipe joto, tope litakauka.

Kuichaji betri iliyoganda ndiyo hatari zaidi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Wakati wa kuchaji, ioni zinatakiwa kurudi na kuingia ndani ya makaa laini yanayoitwa grafaiti, moja baada ya nyingine. Kukiwa na joto chini ya sifuri, mlango huo unapitika polepole mno. Ukizisukuma kwa nguvu, zinarundikana nje ya ukuta na kugeuka madini ya lithiamu yaliyogandamana. Nyingine hazitavuka tena maisha yao yote, na rundo likiendelea kukua linaweza kuutoboa ule utando wa katikati, pande mbili zikagusana. Ndiyo maana gari lililotengenezwa vizuri hukataa kuchajiwa haraka likiwa baridi. Linaipasha betri kwanza, ndipo linafungua mlango. Januari 2024 baridi kali ilipoishukia Chicago, magari yalipanga foleni ndefu kwenye vituo vya chaji, na mengine yakaishiwa umeme yakiwa bado kwenye foleni. Kwa sababu hiyo hiyo, gari baridi halikubali kurudisha umeme mwingi betrini dereva anapopunguza mwendo, ingawa siku za joto hufanya hivyo kila linaposhuka mlima.

Lakini betri peke yake haielezi yote. Chama cha waendesha magari cha Marekani, AAA, kilifanya majaribio na kuyatangaza mwaka 2019. Walichukua magari ya umeme ya aina tano wakayaendesha kwenye baridi ya nyuzi saba chini ya sifuri. Bila kuwasha hita, magari yalipoteza kwa wastani asilimia 12 ya safari yake. Hita ikiwashwa, yalipoteza asilimia 41.

Tuyalete majibu hayo kwenye barabara yetu. Kutoka Goma hadi Rutshuru ni kama kilomita 70. Gari lenye umeme wa kilomita 100 linafika na akiba juu. Likipigwa na ile baridi bila hita, lina kilomita 88, bado linafika. Ukiwasha hita umebaki na kilomita 59: utapita Rumangabo ukifurahia joto, kisha utashuka kusukuma.

Kwa nini hita inakula hivyo? Kwa sababu gari la umeme halina joto la bure. Injini ya petroli ni mfujaji mkubwa. Katika petroli unayoinunua, zaidi ya theluthi mbili huishia kuwa joto tu, ndiyo maana huwezi kuugusa mfuniko wa injini baada ya safari ya kwenda Sake. Kwenye nchi za baridi joto hilo hupulizwa ndani kuwapasha abiria, na hakuna anayelipa zaidi. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana, kwa hiyo joto la kuwapa abiria halipo. Ni lazima litolewe betrini. Hita inaweza kula kilowati tatu hadi tano gari linapoanza safari. Mwendo wa polepole wa mjini wenyewe hauzidi hapo sana. Kwa hiyo ukikwama kwenye msongamano na theluji nje, hita inaweza kula kuliko magurudumu. Na safari fupifupi ndizo mbaya zaidi, maana kila mara unaanza upya kulipasha gari zima.

Petroli nayo isidhani imepona. Hunywewa zaidi kwenye baridi, kiasi cha asilimia 15 katika safari za mjini kwa baridi kama ile ya majaribio. Sema tu petroli ilikuwa inafuja tangu mwanzo, hasara mpya haionekani sana.

Je, watu wa baridi wameyatupa magari hayo? Hapana. Norwe, nchi ya theluji, mwaka 2024 karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Chama chao cha waendesha magari, NAF, huyajaribu kila majira ya baridi. Mwaka 2020 kilijaribu magari 20 na wastani wa hasara ulikuwa asilimia 18.5. Wanajua kujipanga. Gari linapashwa asubuhi likiwa bado limechomekwa ukutani, joto likalipwa na umeme wa nyumbani, si wa betri. Wanawasha joto la kiti na la usukani badala ya kupasha hewa yote. Na magari mengi mapya yana pampu ya joto. Ukitaka kuielewa, nenda nyuma ya friji ya dukani uweke mkono: joto lile limetolewa kwenye soda na kumwagwa nje. Pampu ya joto hufanya kinyume, huchuma joto kwenye hewa ya nje, hata hewa baridi, na kulimwaga ndani ya gari.

  

Turudi kwetu. Kwa jirani zetu Kigali, pikipiki za umeme zimekuwa zikibeba abiria tangu 2019, na motard, yaani dereva wa pikipiki, aliyeishiwa chaji habaki kusubiri: anabadilisha betri kituoni na kuondoka. Wengine huuliza: zikija Goma, zikapanda mlima wa kwenda Kibumba asubuhi kwenye ukungu, baridi haitaziua? Haitaziua. Kwanza baridi ya Kibumba haifiki sifuri. Pili, pikipiki haina hita. Hita yake ni koti la dereva, na koti halinywi umeme.

Cha kuogopa ni mlima. Nimepiga hesabu: pikipiki, dereva, abiria na mkungu wa ndizi, tuseme kilo 300 kwa pamoja. Kuinua uzito huo mita 100 juu kunakula umeme ambao ungekupeleka kilomita mbili au tatu kwenye tambarare. Kupanda kutoka mjini hadi Kibumba ni mita mamia kadhaa. Ongeza mawe ya volkano barabarani na matope ya Masisi, hapo ndipo chaji inapokwenda.

Kwa upande wa hewa tumependelewa. Betri hupenda nyuzi 20 hadi 25, na joto kali huizeesha upesi kama baridi inavyoichelewesha. Goma mchana hukaa humo humo karibu mwaka mzima. Tena hewa ya huku juu ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo gari linalokwenda kasi halipambani nayo sana. Hewa ya baridi ya Norwe ni nzito, inalisukuma gari nyuma.

Umeme wa kuzichaji betri hizo nao tunao, wa maji. Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilizinduliwa mwaka 2015 na kina megawati kama 13. Hazitoshi kwa mji mkubwa kama huu, na nyaya hazijafika kila mtaa. Hapo ndipo penye kazi, nanyi ndio mtakaoifanya: hesabu, fizikia na kemia msizikimbie. Na leo hii, yeyote kati yenu akipanda mlima na simu, alale nayo ndani ya koti, na asiichaji mpaka ipate joto.